Chafya Katikati ya Vitabu vya Baba Mtoto

Mama mkwe wangu alinikataza kumpigia mtoto wangu kelele kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "huyo ni mume wako."

Mtoto alikuwa ameniuma titi. Nilimwambia aache, kwa sauti ya mtu aliyeumwa. Mama akaingia kutoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama kama nimemtukana mzee kanisani. "Usimpigie mume wako kelele," akasema. Kisha akainama, akamsalimu mtoto, chamge, kama anavyosalimiwa mtu mzima, akangoja. Mtoto alipocheua, akaridhika kwamba amejibiwa.

Baba mtoto alikufa nikiwa na mimba kubwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, akatoka kwa pikipiki kwenda Litein, na lori halikumwona. Hayo tu, sitayapamba. Nilikasirika siku hiyo, na ninavyoandika hapa bado sijamaliza kukasirika. Watu wengine walingoja ukungu uondoke. Yeye ana mambo mengi, hawezi kungoja.

Kwa watu wake, mtoto akizaliwa, kina mama wazee hukaa naye wakamwitia majina ya waliokufa wa ukoo. Wanaita polepole, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Siku hizi wengine wameacha, wengine wanafanya kimyakimya na Jumapili wanaenda kanisani kama kawaida. Mimi si wa huku kwa damu. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye shamba kubwa la chai, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, nikasoma hapa hapa hadi kidato cha nne. Kwetu pia wafu wana mambo yao, wanakuja kwa ndoto wakidai jina. Kwa hivyo sikucheka. Nilikaa kitandani nikawasikiliza.

Kuna utaratibu, na niliuelewa baadaye. Huitwa wa zamani, ambao kaburi lao limeshaota nyasi. Haitwi mtu ambaye udongo wa kaburi lake bado uko kwenye viatu vya watu. Lakini majina yaliisha na mtoto alikuwa amelala tu, mkono kwenye shavu, hana habari. Ndipo Mama akataja jina la mwanawe. Alilitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita ng'ombe aliyepotea na anajua hatarudi. Bibi mmoja wa jirani, mzee kuliko wote kwenye kilima chetu, tunamwita kogo tu, alikuwa na ugoro kwenye kiganja karibu na pua ya mtoto. Mtoto akapiga chafya.

Utamwambia nini mama aliyemzika mtoto wake juzi?

Basi tukaanza kuishi hivyo. Mama alimrudishia kiti chake, kile cha mbao karibu na moto, mtoto ambaye hata shingo haijakaza. Alimwekea koti lake mlangoni. Nikimbadilisha nepi Mama anageuza uso, kwa heshima. Mama akishakunywa chai yake alimpa mtoto habari za shamba: ng'ombe fulani amepandwa, majani ya chai yamekataliwa kituoni kwa sababu mvua imeyachosha. Mimi nikiwa hapo hapo, nimeshika huyo mtu wa kupewa habari, siambiwi chochote.

Na simu ya marehemu, ambayo ilibaki kwangu, nayo ilikuwa na tabia yake. Alikuwa mwanachama wa tovuti moja ya watu wanaopenda vitabu, mahali ambapo kila mtu anaorodhesha vyake. Kitabu kimoja alikuwa amekiwekea alama kwamba anakisoma sasa. Tovuti haijui habari za malori. Kila baada ya muda simu inatoa mlio na inamuuliza, kwa jina lake, amefika ukurasa gani.

Nilikuwa nimepata kazi Sotik, kwa agroveti, kuuza dawa na chumvi ya ng'ombe na kuandika risiti kwa kompyuta. Nilimwambia Mama nitahama na mtoto.

"Enda," akasema. "Kazi ni kazi. Lakini yeye habanduki hapa."

"Mama, ananyonya."

"Utakuwa unakuja jioni. Au tutampa maziwa, si hata wewe ulipewa? Alitoka hapa mara moja kwenda Litein, nikaletewa shuka. Hatoki tena."

Ningeweza kuchukua mtoto na kuondoka tu. Wasichana wengine wangefanya hivyo, na dada zangu waliniambia mimi ni mjinga. Lakini mtoto akikua bila kwao, atakuja kuniuliza mimi. Na huyo mama hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Wakati tunavutana hivyo, mwalimu wa marehemu chuoni akanipigia simu. Baba mtoto alifundisha shule ya msingi na alikuwa akisomea shahada ya pili upande wa Kabianga, kuhusu shule za watoto wa wachuma chai. Mambo ambayo mimi nimeyaishi na yeye alikuwa akiniuliza kama karani wa sensa.

"Mama," akaniambia mwalimu huyo, ambaye huitwa daktari kwa sababu ya shahada zake, "kazi ya marehemu ilikuwa imekwisha. Idara imekubali kuisoma. Shida ni marejeleo. Ndani ya maandishi ameweka vifupisho vya vitabu tu, na vinategemea faili moja la bibliografia. Hilo faili hatunalo."

"Lilikuwa kwa flashi," nikamwambia. "Flashi ilikuwa mfukoni mwake siku ile."

Kisha akaendelea polepole. "Alikuwa na ile katalogi yake ya vitabu kwenye intaneti. Aliwahi kunionyesha. Ukiweza kuitoa huko na kuigeuza iwe faili la bibliografia, nitaiunganisha na maandishi."

"Daktari, mimi niliishia kidato cha nne."

"Na kompyuta?"

"Nilifanya kozi Litein."

"Basi sisi wengine hatukufanya hata hiyo."

Sikukubali kwa sababu ya mapenzi. Watu wanapenda kusikia hivyo, mjane anamalizia mumewe kazi, wanatikisa kichwa. Mimi nilifikiri hivi: mtu aliyeacha kazi katikati ndiye anayerudi. Akimaliziwa, ataenda. Na akienda, mtoto atakuwa wangu. Ndiyo sababu, na sioni haya kuiandika.

Kutoa katalogi kwenye tovuti ni rahisi, unabonyeza, inakupa faili refu kama jedwali. Mwandishi, kichwa, mwaka, nyota ambazo amekipa kitabu, rafu, siku aliyoanza kusoma, maoni yake. Nilipolifungua kwa programu moja ya bure ya kupanga marejeleo, ikakataa. Nikabadilisha majina ya safu yafanane na yale programu inayajua. Ikakubali nusu. Vitabu ambavyo alivipiga picha ile mistari myeusi ya nyuma viliingia vizuri. Vile vya zamani alivyonunua kwa wauzaji wa barabarani Kericho, akaviandika mwenyewe kwa simu huku anatembea, viliingia ovyo: mwandishi amekaa mahali pa kichwa, mwaka hakuna, mchapishaji hakuna. Nikajua kwamba nitalazimika kufungua masanduku ya vitabu vyake na kulinganisha kimoja kimoja. Ni kama pale kituo cha chai, unamwaga majani yako juu ya gunia na kuondoa yaliyokomaa na vijiti kabla karani hajafika. Hakuna njia ya mkato.

Kitu kimoja kilinikaa vibaya. Ile programu haikuwa na mahali pa nyota zake, wala rafu, wala "anasoma sasa." Ilichukua kitabu na kumwacha mtu. Maoni yake pekee ndiyo iliyaokota, ikayapanga chini ya kila kitabu kwenye nafasi inayoitwa maelezo. Nikayaacha hapo. Sikujua nafasi hiyo huchapishwa.

Masanduku yalikuwa kwenye chumba chake cha zamani, pamoja na magunia ya mahindi. Siku niliyoyafungua ilikuwa mchana, mvua imeanza kugonga mabati. Mtoto nilimfunga mgongoni. Laptopu niliiweka juu ya gunia, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, nilisoma kwa sauti. Nachukua kitabu, napanguza, nasoma jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, natazama kwenye skrini, narekebisha, nachukua kingine. Vitabu vilinuka moshi na panya. Ukiendelea hivyo kwa muda sauti yako inashika mwendo wake. Nilijisikia nikiita. Jina, kimya kidogo, jina, kimya kidogo. Nikajiambia niache, nikashindwa kuacha, kwa sababu kazi ilikuwa inaenda vizuri.

Nikatoa kitabu kimoja kizito, nikakipuliza vumbi, nikasoma mwandishi. Mtoto akapiga chafya mgongoni mwangu.

Nilipogeuka Mama alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Unaongea na nani?"

"Nasoma, Mama."

"Nimesikia majina."

"Ni ya watu walioandika vitabu."

"Wako hai?"

"Wengine."

"Na huyo wa sasa hivi? Huyo mtoto amepiga chafya."

Nikatazama nyuma ya jalada. Wanaandika hapo. "Huyo alikufa. Kabla mimi sijazaliwa."

"Mzungu?"

"Ndiyo."

"Mzee wa watu?"

"Mwanamke, Mama."

Akakaa juu ya gunia. "Mwanamke wa kizungu," akasema, akimtazama mtoto juu ya bega langu. "Ndani ya mume wako."

Ningecheka siku nyingine. "Ni vumbi," nikamwambia.

"Vumbi haijui majina."

"Basi na ile siku ilikuwa ugoro. Mama, chagua. Kama hii ni vumbi, ile ilikuwa ugoro. Kama ile ilikuwa yeye, basi huyu mama mzungu naye ameingia, wagawane."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Yalitoka tu, na nilitaka yaume. Yaliuma.

"Umeita wangapi?" akauliza mvua ilipopungua.

"Sanduku zima."

"Mchana kweupe, mtoto mgongoni, unaita watu hata kwao hujui. Unajua walikufa na nini? Unajua walikuwa watu wa namna gani?" Akasimama, akafunga masanduku mwenyewe, akatoka. Nikayafungua tena. Nilimaliza kazi siku hiyo, lakini nilisoma kwa macho tu, mdomo nimefunga. Hilo ndilo jambo ambalo sijamwambia yeyote. Mimi niliyesema ni vumbi na ugoro tu, nilifunga mdomo.

Kwa sababu kulikuwa na kitu. Sijui niseme nini. Kuanzia siku hiyo mtoto alilia, kilio cha kuvutwa, anatulia ghafla na kutazama kile kiti cha mbao kama kuna mtu amekaa. Anatazama, halafu anatazama mlangoni, kwenye koti. Nikiita jina lake hageuki. Nami nikaanza kupita mbali na kile kiti. Nikipika nasikia mtu akigeuza ukurasa chumba cha pili, naenda, ni gazeti la ukutani linapepea. Simu inalia na kuuliza amefika ukurasa gani. Nilikuwa na hasira, na hofu juu ya hasira, na mtu ukiwa hivyo unakosea hata chumvi. Mama aliona, akasema sentensi moja tu: "Wanamvuta wawili."

Nikatuma faili.

Daktari alipiga simu Mama na mimi tukiwa jikoni. Nilikuwa nimempakata mtoto na nachambua mboga, kwa hivyo nikaweka simu chini kwa sauti kubwa. Mama alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha moto, mkaa unasuguliwa ndani, ile harufu.

"Mama, faili limekubali," daktari akasema. "Kila kifupisho kimepata kitabu chake. Kazi imekamilika. Ila kuna kitu kimoja."

"Nini?"

"Maoni yake yametokea pamoja na vitabu. Nimechapisha, ninayo hapa mezani. Sikiliza." Na akaanza kusoma, kwa ile sauti yake ya darasani. "Hapa, chini ya kitabu cha huyu bwana wa historia, imeandikwa: Anaandika kama mtu anayelipwa kwa kila neno. Hapa chini: Nimekisoma kwenye foleni ya kituo, kimenyeshewa, karani ameniruka. Hapa: Mke wangu anasema alijua haya yote na hakuna aliyemlipa kuyaandika."

Nilisema hivyo kweli. Nilikuwa napiga pasi. Sikujua kwamba alisikia.

"Na hapa," daktari akasema, sasa sauti imeanza kumponyoka, sijui ni kicheko au nini, "kitabu kikubwa cha mambo ya elimu ya wakoloni: Mama alikifunikia maziwa. Kinanuka moshi. Bado ni kizuri."

Kijiti kikasimama ndani ya kibuyu.

"Ni ukweli," Mama akasema. "Kifuniko kilikuwa kimepotea."

"Ni nani huyo?" daktari akauliza.

"Ni mama yake," nikasema.

"Oh. Mama, chamge. Pole sana."

Mama hakumjibu salamu. Alisogea, akaisemesha simu kama anayemsemesha mtu aliye chini ya shimo. "Soma ingine."

Akasoma. Akasoma nyingine. Mwanamume huyo angeweza kukata simu, ana kazi zake, lakini aliendelea. Kitabu fulani kilikuwa kirefu kuliko mkutano wa ushirika. Kingine alikinunua badala ya kununua gamubuti, asiambiwe mtu. Mama akasema, "Nilijua," na daktari akacheka waziwazi. Nilimsikia baba mtoto kwenye ile simu sakafuni kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye nyumba hiyo tangu azikwe. Alikuwa anaudhi vilevile.

Mwishowe daktari akakohoa. "Lakini itabidi maoni haya yatoke. Idara haiwezi kupokea hivi."

"Yakitoka yanaenda wapi?" Mama akauliza.

"Hayataonekana tu, Mama."

Nilipokata simu, Mama alimtazama mtoto. Alikuwa anatafuna jani la mboga, mate mpaka tumboni. Alimtazama kwa muda mrefu, si kwa zile heshima zake.

"Huyu hajui habari ya kifuniko," akasema. Akarudi kwa kibuyu chake.

Siku ya pili akaniambia ameita kogo, majina yaitwe upya. Mtoto akilia sana hufanywa hivyo, huenda aliyekuja siye. Sikuuliza siye nani.

Wakaja wazee wachache. Kogo akakaa chini na mtoto mapajani, ugoro kwenye kiganja kama kawaida, sijali. Wakaanza na wa zamani kabisa. Kogo anataja, Mama anafuatia. Mimi nilisimama karibu na ukuta, na nilikuwa nimejiandaa. Nilijua majina yanavyopangana, nilijua jina lile liko wapi, la mwisho. Nilikuwa nimeamua kwamba akilitaja nitamchukua mtoto pale pale na kwenda barabarani, na kama ni kwao atakuja kupatafuta akiwa na ndevu.

Wakapita babu, wakapita wajomba, wakafika kwa mume wa Mama, wakampita. Mtoto kimya. Likabaki moja.

Mama akafungua mdomo. Niliona. Kogo naye alikuwa anamtazama, hakumsaidia. Nje kuku mmoja alikuwa anajikuna kwenye mabati. Mama akafunga mdomo, akaangalia lile koti mlangoni.

"Wamekwisha," akasema.

"Wamekwisha?" kogo akauliza.

"Hao ndio wote."

Kogo hakubishana naye. Akapanguza kiganja, akaweka ugoro mwingine, akaanza tena kutoka juu. Katika mzunguko huo wa pili mtoto alipiga chafya kwenye jina la babu wa babu yake, mtu ambaye nilikuwa simjui. Wazee wakaanza kuguna na kucheka. Inasemekana aligombana na kila jirani na kwamba alitembea kwa miguu hadi ng'ambo ya Kabianga kumrudishia mtu tusi alilopewa sokoni.

"Huyu alikuwa na hasira sana," kogo aliniambia, akinipa mtoto.

"Basi amefika kwao," nikamjibu.

Maoni niliyatoa kwenye faili moja moja, nikiyasoma kila moja kabla ya kulifuta, na nikajibakizia nakala ambayo hayajafutwa. Nikamtumia daktari faili safi. Vitabu vilibaki kwenye masanduku yake, ila kile cha moshi, ambacho Mama alikichukua na kukiweka chumbani kwake. Hafuniki nacho kitu. Siku ya kuhama alinisindikiza hadi barabarani, akaweka kibuyu kwenye mfuko wangu, akamsalimu mtoto kwa jina lake jipya, akangoja kidogo kama alivyozoea. Halafu akanigeukia. "Mfunike mtoto wako," akasema. "Ukungu."

Niko Sotik sasa. Asubuhi dukani huwa na wateja wengi wanaotoka kupeleka maziwa, mchana hakuna mtu. Akaunti ya marehemu sijaifunga, sijui ni kwa nini, na kila nikifikiria kuifunga nakasirika. Kwa hivyo bado simu inalia, inamwita kwa jina, inamuuliza amefika ukurasa gani. Na kila ikilia najikuta nimemtazama mtoto, haraka, kabla sijajizuia.

Amekaa sakafuni na kopo la chumvi ya ng'ombe, analigonga kwa nguvu zake zote. Hageuki.